Mpwa Wako Regina na Maharage ya Saa Saba

Kibanda cha Cherehani,
Sokoni Mkuyuni,
Morogoro.
Alhamisi, saa nane kasoro robo, tumbo likiwa tupu.

Kwa Mjomba Gabrieli,
Matombo, jirani na misheni.

Shikamoo Mjomba,

YAH: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA MPWA WAKO REGINA

Ni mimi mkweo Alois, fundi cherehani, niliyemwoa mpwa wako Regina miaka ishirini na tisa iliyopita mbele yako, mbele ya padri, na baada ya wewe mwenyewe kupanda mpaka kwetu Mgeta kunikagua, ukala kwa mama yangu, ukashuka umeridhika. Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu, isipokuwa tumbo. Tumbo ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Ningekupigia simu, lakini simu yako hushika mtandao pale tu unapoitundika kwenye mfenesi, na shauri hili si la kupayukia mfenesi. Halafu nimepata habari kwamba Jumamosi hii unakuja kwetu. Regina amekuita. Sasa Mjomba, mimi si mtoto. Kwetu Waluguru mke akimwita mjomba wake mpaka nyumbani, tena Jumamosi, tena bila msiba wala posa, mume hahitaji kuambiwa kuna nini. Hiyo ni kesi. Nimeona kabla hujakaa kwenye kiti na kusikia upande mmoja, upokee upande wangu kwa maandishi, kwa wino wa buluu, bila jazba. Jazba ikionekana mahali unisamehe, sijala.

Kwanza nikukumbushe nyumba hii ilivyokuwa ilipokuwa na akili zake. Kwa miaka ishirini na tisa, saa saba kamili mchana, Regina alikuwa akiniletea kibandani ugali na maharage. Jumatatu ugali na maharage. Jumanne vilevile. Jumatano kisamvu, maana binadamu anahitaji mabadiliko. Alhamisi maharage yanarudi. Jumapili wali, na maharage yaleyale yakiwa na nazi kidogo kwa heshima ya Bwana. Watu wa soko walikuwa wakirekebisha saa zao kwa kunitazama nikinawa mikono. Kuna muuza ndizi mmoja hapa hajawahi kununua saa maishani mwake, alikuwa ananitegemea mimi. Je, nilikuwa na furaha? Sijui, sikuwahi kujiuliza. Mtu aliyeshiba hana maswali.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu, nimeyapanga kwa namba ili usipotee.

1. MDALASINI KULIWA NA WENYE MDALASINI

Mwezi wa tatu tulipata jirani mpya, Nasra, muuguzi wa zahanati yetu, mtu wa Pemba. Ni mwanamke mwema, ana adabu, kila asubuhi ananipa shikamoo yangu bila kudaiwa. Sina neno naye kabisa, isipokuwa kwamba ndiye aliyeniharibia maisha. Wiki ileile niliyoinuka kutoka kwenye ile homa ya masika, alimkuta Regina uani anaanika karafuu na mdalasini, akamuuliza, dada, hizi huwa mnapikia nini? Regina akamjibu kweli tupu, kwamba hatupikii, tunauza. Basi yule mtu alicheka mpaka akakalia ndoo.

Hapo kuna cha kuchekesha gani, Mjomba? Mdalasini ule ni wa shamba la ukoo wenu. Bibi yenu alipanda, mama yenu akaanika, wote wakauza, na hakuna hata mmoja aliyeanguka kwenye kishawishi cha kuula. Krismasi ikifika na sisi tukitaka pilau, tunakwenda dukani kwa Abdulatif, tunanunua viungo vya pakiti vilivyotoka Dar es Salaam kama watu wote wenye heshima zao. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro gani? Lakini kesho yake nikaletewa maharage yana nazi, yana iliki, na juu kinaelea kijiti. Nikajua ni kuni imedondokea. Nikakitoa, nikakipima kwa futi, sentimita nne. Mdalasini! Bidhaa ya kuuza! Ni sawa na mimi fundi nikae hapa nile uzi.

Nilikula sahani ile nimekasirika. Nikaomba ya pili, ili hasira ipate ushahidi wa kutosha.

2. KIKUNDI CHA ONJA KWANZA

Baada ya mdalasini, wanawake wa mtaa huu wakaona wameonewa maisha yao yote. Wakaunda kikundi. Kinaitwa Onja Kwanza, na kinakutana kila Alhamisi uani kwangu, yaani uani kwenu, hilo nitalirudia. Kila wiki mmoja anapika chakula ambacho wenzake hawajawahi kukila, na lazima awafundishe na jinsi kinavyoliwa huko kinakotoka. Mwenyekiti ni Regina. Waume wanaruhusiwa. Na kuna sheria moja tu, kwamba hakuna kusema sitaki kabla ya kuonja, na atakayesema ataosha vyombo vya wote.

Wiki ya kwanza Nasra alileta urojo. Sijui kama umewahi kukutana nao. Ni mchuzi wa njano, mchachu, ndani yake kuna viazi, kuna bajia, kuna kachori, juu wamemwaga vipande vya muhogo wa kukaanga, kila kipande kinaogelea kivyake. Nikauliza kwa upole kabisa kama hiki ni chakula au ni mabaki ya vyakula. Nikasema sitaki. Mjomba, mimi mkweo, mtu mzima, mwenye cherehani mbili na cheti cha ubatizo, niliosha sahani kumi na nne mbele ya mke wa mwenyekiti wa kijiji, huku Abdulatif anapita na baiskeli ananitakia kazi njema. Na katika kuosha huko, kwa bahati mbaya, kidole changu kiligusa mchuzi uliobaki sufuriani, na kidole hichohicho kikaja mdomoni. Ndiyo maana Alhamisi iliyofuata nilifika mapema, nikauliza kama urojo utarudiwa. Niliuliza kwa tahadhari tu.

3. PANZI

Hili najua utadhani natia chumvi. Mwalimu Frank wa shule ya msingi ni mtu wa Bukoba. Dada yake alimtumia kopo la senene, akalileta kikundini badala ya kulificha. Senene ni panzi, Mjomba. Panzi! Yule mdudu ambaye mimi na wewe tumemfukuza shambani kwa kupiga madebe mpaka sauti zikakauka, wenzetu huko wanamsubiri kwa hamu kama mgeni wa Krismasi.

Nikakumbuka sahani kumi na nne. Nikachukua mmoja, nikafumba macho. Nikachukua wa pili ili nimlinganishe na wa kwanza, maana fundi hapimi mara moja. Wa tatu alikuwa wa kuthibitisha. Wengine sikuwahesabu, ila naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba kopo lilifungwa na Mwalimu Frank mwenyewe, tena kwa haraka, akasema, Mzee Alois, hawa ni wa mwaka mzima. Sasa nani mwenye tamaa hapo?

4. SINIA

Hapa nakuomba ukae chini. Zamu ya Nasra iliporudi alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akatandika mkeka, akaweka sinia moja katikati. Moja! Akasema kwao ndivyo wanavyokula, watu wote sinia moja, kila mtu anakula upande wake. Mimi miaka yote nakula peke yangu, kwenye stuli yangu, nimeelekea barabarani, mtu asinione kinywa. Siku hiyo niliketishwa mkekani magoti yakilia, kushoto Mwalimu Frank, kulia mpwa wako.

Sasa sikiliza alichofanya mpwa wako. Alichambua mnofu wa samaki, akatoa miba yote, akauweka upande wangu wa sinia. Kwa mkono wake, mbele za watu. Kisha akanitazama kama vile hakufanya kitu. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, watoto wanne, hatujawahi kufanyiana mambo ya namna hiyo hata gizani. Masikio yalinichemka. Abdulatif, ambaye kufikia hapo naye alikuwa mwanachama, akasema kwa sauti, Fundi, leo umeposwa upya! Watu wakacheka, na Regina akacheka kuliko wote, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu mwaka ule tulipooana. Nikaula mnofu ule. Sikumbuki ladha yake, na hilo nalo ni hasara, nalo liandikwe.

5. MAJI YA KUANGUKA

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Chakula hakikutosha, wakahamia kwenye mandhari. Regina akasema ni aibu Wazungu wanatoka kwao na mabegi yao wanapita hapa kwenda kutazama maporomoko ya maji ya mlima wetu, na sisi tunaokaa chini yake hatujawahi kupanda. Nikamwambia maji ni maji, tunayaona bombani. Akasema bombani hayatoki siku nne.

Wakaenda. Nikawafuata nyuma, si kwa kutaka, ila kama mume nilitakiwa kujua mke wangu anaangaliwa na maji gani. Mjomba, kile kilima kimenitoa roho. Nilipofika juu nilikaa kwenye jiwe, rasharasha ikanilowesha shati. Regina akaja akakaa, akanimenyea ndizi. Akaniuliza, hivi kule kwenu Mgeta kuna maji kama haya? Nikamwambia kuna makubwa zaidi. Akaniuliza mbona hujawahi kuniambia. Nikamwambia hujawahi kuniuliza. Kurudi nyumbani ilikuwa saa kumi na moja, suruali mbili za wateja zikalala bila pindo, na kaptula ya mtoto wa shule nikaishonea mifuko yote miwili upande mmoja. Nani atalipia aibu ile?

6. PANYA NA PEMBA

Nimeweka mambo haya pamoja kwa sababu yote hayajatokea, yananisubiri. Mke wa fundi baiskeli ni mtu wa Newala, na ameahidi zamu yake ikifika ataagiza kitoweo cha kwao, panya wa shamba aliyekaushwa vizuri. Sasa Mjomba, mkoa mwingine sawa. Lakini Morogoro hii? Mkoa ambao panya wamesomeshwa, wanakwenda nchi za watu kunusa mabomu yaliyofukiwa, wanaokoa watu? Mimi na darasa la saba langu nimle aliyenizidi elimu? Hata kama ameelezwa kwamba ni mtamu kuliko kuku, kama nilivyoelezwa, mara tatu, nikiwa nimeuliza mimi mwenyewe.

Lakini linaloniuma si panya. Desemba Nasra anakwenda kwao likizo, na Regina anataka kufuatana naye. Pemba! Eti anataka kuona karafuu za wenzao zinavyoanikwa, na kuonja kila kitu huko huko. Wiki mbili. Regina ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni Morogoro mjini kumpeleka mtoto hospitali. Nikamwambia mkataa kwao mtumwa. Akaniambia yeye hakatai kwao, anataka kutoka tu, halafu arudi.

7. UTII

Sasa nimefika kwenye kosa kubwa kuliko yote. Jumapili, baada ya misa, nilimfuata jikoni. Nikaweka mkono kiunoni, nikasema kwa sauti ya kiume: Regina, chagua, mimi au hivyo vyakula. La sivyo mmoja wetu atatoka ndani ya nyumba hii! Alinitazama. Akafunika sufuria. Akasema taratibu tu, haya, Mjomba anakuja Jumamosi, utamweleza mwenyewe. Akaendelea kukuna nazi.

Nilitoka pale mshindi. Nilipofika kwenye mgomba wa tatu ndipo akili ikanirudia, kwa sababu mgomba ule ni wenu. Desturi zetu unazijua kuliko mimi, ardhi inafuata ukoo wa mama. Mimi ndiye niliyekuja kuoa hapa. Kiwanja ni cha ukoo wenu. Migomba ni yenu, choo ni chenu, hata watoto wote wanne, pamoja na yule mwenye pua yangu, ni wa ukoo wenu. Changu ni cherehani, mkasi na futi. Sasa katika hali hiyo, nikisema mmoja wetu atatoka, hata mtoto wa chekechea anajua nimemtaja nani. Jamani! Nimejifukuza mwenyewe, tena kwa sauti kubwa.

Na nikitoka niende wapi? Mama yangu alikwishatangulia mbele ya haki, huu mwaka wa ishirini na tano. Tangu tumzike sijalala Mgeta hata siku moja, ingawa mlima wenyewe ni mmoja. Nikitokea kule leo na cherehani kichwani, watoto wa dada yangu wataniuliza, babu unamtafuta nani?

Lakini sikiliza kiini cha lalamiko. Tangu Jumatatu, Regina amenitii. Kila siku, saa saba kamili, ugali na maharage. Maharage ya zamani, hayana nazi, hayana iliki, hayana kijiti. Anaweka, anasema karibu, anaondoka. Hakuna ubishi. Nami naapa mbele yako kwamba maharage haya yamefanyiwa kitu. Si yale. Yale yalikuwa yanalika. Jumatatu nilimaliza nusu. Jumanne nilimpa muuza ndizi, naye akanirudishia. Leo sahani iko hapa pembeni ya cherehani, imefunikwa, nzi wenyewe wanapita tu. Namtuhumu mpwa wako kwa kuondoa kitu fulani katika maharage yangu, na sijui ni kitu gani, na hicho ndicho ninachotaka mahakama yako ikitafute.

Leo ni Alhamisi. Kikundi kiko uani. Kutoka hapa nawasikia wanacheka, na upepo unavuma kutoka upande huo, naona kuna kitu chenye tangawizi. Hakuna aliyekuja kuniita. Hata Abdulatif amepita kwa mbele akajifanya anatazama mawingu.

Nikueleze ukweli, Mjomba, kwa kuwa wewe ni mtu mzima na barua haina macho. Mimi siogopi panzi, wala panya, wala Pemba. Naogopa kwamba mpwa wako anaipitia dunia kitu kimoja kimoja, anakionja, anasema kumbe! Anasema kumbe kila Alhamisi, na macho yanamwaka. Na siku moja atageuka nyumbani atazame, aone katika vyote alivyonavyo, kilicho cha zamani kuliko vyote, kisichokuwa na kiungo hata kimoja, ni mimi. Mimi ndiye maharage, Mjomba. Ameyala miaka ishirini na tisa. Hilo ndilo linaloninyima hamu ya kula.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo kwenye kikao cha Jumamosi:

(a) Kauli yangu ya kwamba mmoja wetu atatoka ihesabiwe kuwa ilisemwa na njaa.

(b) Regina aamriwe kurudisha maharage ya kawaida, na iwapo itathibitika kuwa haya ndiyo ya kawaida, basi aamriwe kurudisha yale yasiyo ya kawaida, lakini ijulikane kwamba ni amri, si mimi niliyeomba.

(c) Safari ya Pemba izuiwe. Ikishindikana kuzuiwa, niambiwe mapema kama boti inaruhusu abiria mwenye cherehani.

(d) Zile sahani kumi na nne zifutwe katika historia ya ukoo.

(e) Panya asipitishwe na mtu yeyote kabla ya uchunguzi wangu kukamilika.

Naomba pia usije na uso wa hukumu. Njoo na uso ule uliokuja nao Mgeta.

Nisalimie mkaza mjomba na umwambie gauni lake liko tayari, nimeongeza pindo kidogo. Wasalimie wanakwaya wa misheni, hasa wale wa sauti ya nne ambao bado wana kanzu zangu za majaribio. Salamu kwa majirani wote wa juu na wa chini ya barabara, kwa mbuzi, na kwa mfenesi unaoshika simu.

Wako mtiifu, ambaye mpaka Jumamosi bado anakaa hapa,

Alois, fundi.

TANBIHI. Ijumaa, saa moja asubuhi.

Mjomba, barua hii uipuuze. Yote, kuanzia shikamoo. Shikamoo pekee ibaki.

Ningeichana, lakini imekula karatasi nne na kalamu mbili, na fundi hachani nguo iliyokwisha kushonwa kwa kuwa mteja ameghairi. Tena nina shida nawe, nayo ni ya haraka, na Abdulatif anapanda Matombo sasa hivi kwa pikipiki kufuata pilipili manga, anataka kuwahi kurudi kwa sala ya Ijumaa. Kwa hiyo soma hapa tu.

Asubuhi hii niliingia jikoni kutafuta bahasha. Nyuma ya mlango wamebandika orodha ya zamu za kikundi. Sikuwahi kuisoma, kwa hasira. Nikaona kikao cha Alhamisi ijayo kimekatwa kwa mstari, kimeletwa Jumamosi hii, kwa mwandiko wa Regina: JUMAMOSI. CHAKULA CHA MGETA. MPISHI: ALOIS. MGENI: MJOMBA GABRIELI, ALIWAHI KUKILA.

Nilisoma mara tatu. Regina alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai. Nikamuuliza, kumbe hakuna kesi? Akauliza, kesi gani? Nikamuuliza, mbona ulisema nitamweleza Mjomba mwenyewe? Akasema nilidhani umeona orodha, umekasirika kwa kuwa utapika. Mjomba, siku tano nimekaa na njaa nikijitetea kwa mtu aliyealikwa kula!

Halafu akaniambia jambo nililokuwa silijui. Anasema wakati wa ile homa ya masika niliweweseka siku mbili, nikawa namwita mama, nataja chakula chake, natoa mkono niwekewe. Nasra alikuwa pembeni ananitundikia dripu, naye alisikia. Regina anasema alikaa pale akajiona mjinga. Miaka ishirini na tisa ananipa chakula cha kwao, nami nakula, nasema asante, na hakuna siku aliyoniuliza kwetu tulikuwa tunakula nini. Nilipopona akaniuliza, nikamjibu sikumbuki, lete maharage. Na kweli sikukumbuka! Ndipo alipoanza na mdalasini. Alisema, pengine huyu mtu akionja vya wenzake, atakumbuka cha mama yake.

Mkataa kwao mtumwa. Niliandika mwenyewe huko juu, kwa wino wa buluu.

Basi shida yangu ni hii. Nimekaa hapa tangu alfajiri nakumbuka. Ni njegere mbichi, hilo nina hakika. Ni magimbi, yaliyopondwapondwa, kwenye chungu, juu mama amefunika jani la mgomba. Lakini kulikuwa na kitu cha tatu, Mjomba. Kilikuwa na harufu, kilitiwa mwishoni, akikitia anasema msifunue. Dada yangu nimempigia, hakumbuki, alikuwa mdogo. Watu wanaoweza kukikumbuka na ambao bado wanapumua ni wawili, mimi na wewe, na wewe siku ile ya kunikagua uliomba uongezwe.

Njoo na chungu cha mkaza mjomba, maana hapa tuna masufuria tu. Njoo umeshinda njaa. Na tafadhali sana, ukiwa njiani, jaribu kukikumbuka hicho cha tatu. Usipokikumbuka, usirudi nyuma, njoo hivyohivyo. Regina anasema shamba lote liko pale, tutatia kiungo kimoja kimoja na kuonja mpaka mimi niseme, kumbe!